Sinema ya vita iliyomchekesha babu

Majuzi kijana wangu aliye kidato cha nne aliniuliza swali tukiwa mezani, na hadi sasa sina hakika kama nilimjibu sawasawa. Alikuwa ametazama sinema kwenye simu yake, akaiacha katikati.

"Baba," akasema, "hii sinema uliyonisifia ni ya kuchekesha ama ni ya kuhuzunisha? Nilikuwa nacheka vizuri, halafu mtu akakatwa vipande viwili na ndege. Nikajiona mjinga kwa kucheka."

Mama yake alinitazama kwa jicho ambalo waume wengi mnalijua. Nikanywa maji kwanza.

Sinema yenyewe yaitwa Catch-22, nayo ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1970. Nilimsifia kijana kwa sababu zangu ambazo nitakueleza kabla hatujaachana. Lakini kwanza yafaa tujue ni sinema gani hii, imetoka wapi, na kwa nini watu wazima wenye akili zao walitumia mamilioni ya dola kutufanya tucheke mahali ambapo hapachekwi.

Huanza gizani. Hakuna muziki. Unasikia mbwa wakibweka mbali, mapambazuko yanaingia polepole nyuma ya milima, kisha kwa ghafla injini za ndege zinanguruma mpaka ukatafuta mahali pa kupunguza sauti. Ndege zinaondoka moja baada ya nyingine, vumbi limetanda. Tuko mwaka wa 1944, katika kisiwa cha Pianosa, karibu na pwani ya Italia, ambako wanajeshi wa Marekani wana kituo cha ndege za kudondosha mabomu. Kisiwa hicho kipo kweli, ila ni kidogo mno hata hakiwezi kubeba kituo kama kile, na mtungaji wa hadithi mwenyewe alitahadharisha hivyo mapema kitabuni. Kwa hivyo tangu mwanzo twajua kwamba tunapelekwa mahali pasipokuwapo ili tuonyeshwe mambo yaliyopo.

Shujaa wetu ni Kapteni Yossarian, ambaye kazi yake ni kukaa puani mwa ndege na kulenga mabomu. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Alan Arkin, mwigizaji mwenye macho ya mtu ambaye ameamka na kukuta nyumba si yake. Yossarian hana chuki na mtu. Ana hoja moja tu, nayo ni kwamba kuna watu wasiomjua wanaomrushia mizinga kila anapopanda ndege, na yeye hataki kufa. Amewekewa idadi ya safari za kuruka ili aruhusiwe kurudi kwao. Kila anapokaribia idadi hiyo, mkubwa wake, Kanali Cathcart, anaiongeza. Kitabuni idadi hupanda kutoka 25 hadi kufikia 80. Kanali mwenyewe haruki. Ndoto yake ni kusifiwa na wakubwa na kuandikwa katika gazeti.

Yossarian anamwendea daktari wa kikosi, Daktari Daneeka, amwombe amwandikie kwamba ana wazimu ili asiruke tena. Daktari anakubali kwamba sheria yasema mwenda wazimu asirushwe. Anakubali pia kwamba anayeendelea kuruka katika hali ile hana budi kuwa mwenda wazimu. Kinachotakiwa ni mhusika aombe tu. Lakini akishaomba, atakuwa ameonyesha kwamba anaogopa kufa, na anayeogopa kufa ana akili timamu, na mwenye akili timamu lazima aruke. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, mtego wa nambari 22. Yossarian anasikiliza, anaupima mtego huo kila upande, na kwa kweli anaustaajabia ulivyofumwa.

Sasa msomaji wangu, usiniambie hujakutana na mtego huu. Miaka mingi iliyopita nilikwenda katika ofisi fulani ya umma kuchukua kitambulisho changu kipya baada ya kupoteza cha kwanza. Askari wa langoni akanizuia. Kuingia ndani ni lazima uache kitambulisho langoni. Nikamweleza kwamba kitambulisho ndicho nilichofuata. Akanisikiliza kwa heshima zote, akanihurumia, kisha akaniambia kwamba nikishakipata nirudi, ataniruhusu niingie. Vijana wanaotafuta kazi nao wanajua: kazi haipatikani bila uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Na kuna yule mwanafunzi anayefukuzwa shuleni kwenda kuleta karo, akikaa nyumbani wiki tatu, halafu anaporudi anaadhibiwa kwa kukosa vipindi. Watu wanaosema Kiingereza hawakuwa na jina la jambo hili mpaka kitabu hiki kilipowapa. Leo neno hilo limo katika kamusi zao, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba lilitoka katika riwaya.

Riwaya hiyo iliandikwa na Joseph Heller, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1923. Akiwa na umri wa miaka 21 alipelekwa kisiwa cha Corsica, na akaruka safari 60 puani mwa ndege aina ya B-25, kazi ile ile ya Yossarian. Agosti 1944, juu ya mji wa Avignon huko Ufaransa, mpiga bunduki wa ndege yao alipata jeraha la paja, na Heller ndiye aliyemhudumia. Zingatia jeraha hilo la paja, maana tutalirudia.

Vita vilipokwisha alisoma, akafundisha, akaajiriwa kuandika matangazo ya biashara, na usiku akawa anaandika hadithi yake kidogo kidogo. Alianza mwaka wa 1953. Sura ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1955, na wakati huo aliiita Catch-18. Kitabu kizima kilipokuwa tayari kutoka mwaka wa 1961, ikajulikana kwamba mwandishi mwingine mashuhuri, Leon Uris, alikuwa anatoa riwaya yenye 18 katika jina lake, Mila 18. Basi mhariri wake, Robert Gottlieb, pamoja na Heller wakatafuta nambari nyingine, na ndivyo 18 ilivyogeuka 22. Fikiria: neno lililomo katika kamusi leo lingekuwa jingine kama Uris angechelewa mwaka mmoja.

Mwanzoni kitabu hakikuvuma sana kwao Marekani. Uingereza ndiko kilikopaa upesi. Kilipotoka kwa jalada jepesi mwaka wa 1962 vijana wa vyuo Marekani wakakikumbatia, na vita vya Vietnam vilipopamba moto kikawa kama kimeandikwa kwa ajili yao. Heller alikuwa akieleza vita vya baba zao, wao wakasoma vita vyao.

Hapo ndipo Hollywood ilipoingia. Mwongozaji Mike Nichols alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Oscar kwa sinema ya The Graduate, kwa hivyo akapewa fedha karibu alivyotaka, kiasi cha dola milioni 18 hivi, ambazo kwa wakati ule zilikuwa nyingi kupita kiasi. Buck Henry akaandika mchezo, na yeye mwenyewe akaigiza Luteni Kanali Korn, yule msaidizi mjanja wa Cathcart. Wakaenda jimbo la Sonora, Mexico, wakajenga uwanja wa ndege mahali palipokuwa vichaka vitupu, wakakusanya ndege 18 za B-25, 17 kati yazo zikiwa za kuruka. Waliokuwa wakihesabu wakati huo walisema kwa utani kwamba Nichols ana jeshi la anga kubwa kuliko la nchi kadhaa.

Utani huo ulikatika. Mwaka wa 1969, John Jordan, aliyekuwa akiongoza kikosi cha upigaji picha za angani, alianguka kutoka katika ndege wakiwa kazini, akafa. Hakuwa amejifunga mkanda wa usalama. Mtu huyo alikuwa ameshapoteza mguu kabla ya hapo katika kazi hiyo hiyo ya kupiga picha kutoka angani, kwenye sinema ya James Bond. Kila nitazamapo zile ndege zikiruka kwa pamoja, ambayo ni mojawapo ya picha nzuri kabisa za ndege nilizowahi kuona, humkumbuka.

Orodha ya waigizaji ingeweza kujaza ukurasa huu. Orson Welles, mwenye tumbo na sauti ya radi, ndiye Jenerali Dreedle. Anthony Perkins, ambaye wengi mwamkumbuka kwa kuwatisha watu katika Psycho, hapa ni kasisi mwoga anayeomba radhi hata kwa viti. Jon Voight, Martin Sheen akiwa bado kijana, na mwanamuziki Art Garfunkel akiigiza Nately, mvulana wa familia tajiri anayempenda kahaba wa Roma. Mwenzake wa muziki, Paul Simon, naye alikuwa apewe nafasi, ikakatwa. Kwa hivyo mmoja akaenda Mexico miezi mingi na mwingine akabaki New York akitunga nyimbo peke yake. Haukupita muda mrefu wakaachana.

Wanafunzi wa fasihi, hii ni sinema yenu. Mnafundishwa kinaya, tashtiti na mbinu rejeshi, mkaambiwa mtafute mifano. Humu mifano haitafutwi. Kuna afisa anayeitwa Major na ambaye cheo chake pia ni meja. Hataki kuonana na mtu, kwa hivyo amemwamuru karani wake: atakayekuja kumwona aruhusiwe kuingia wakati yeye hayumo ofisini tu. Akiwamo, mgeni angoje. Kuna mgonjwa aliyefungwa bendeji nyeupe kutoka utosini hadi vidoleni, ana chupa moja ya maji inayoingia mwilini na nyingine inayopokea yanayotoka. Ya kwanza ikiisha, wauguzi wanazibadilisha chupa huku wakiongea mambo yao. Kuna mtu anayepewa nishani na jenerali akiwa uchi wa mnyama, na gwaride zima limesimama wima kana kwamba hakuna cha ajabu.

Bali mahali ninapopenda kuliko pote ni pale Kanali Cathcart na Luteni Milo Minderbinder wanapozungumza juu ya yai. Milo, ambaye anaigizwa na Jon Voight akiwa na uso safi kama wa mtoto wa Shule ya Jumapili, ndiye msimamizi wa chakula. Amemletea kanali yai bichi kabisa, na anamfafanulia mipango ya biashara. Nyuma yao, mbali kidogo, ndege iliyoumizwa vitani inajaribu kutua. Inaburuzika. Inawaka moto. Wao wanaendelea kuongea habari za yai. Kamera haikimbilii ndege, wala wao hawageuki. Kama mwongozaji mwingine angeipiga picha ile, angetuonyesha nyuso za marubani. Nichols alituacha na yai, na ndiyo maana inauma.

Milo ndiye mtu wa hatari zaidi humu, na hana ubaya wowote moyoni. Yeye anafanya biashara. Ananunua hiki hapa, anauza kile kule, na kila askari ni mwenye hisa katika shirika lake, hivyo ndivyo anavyowaambia. Yossarian anafungua mfuko wa mwavuli wake wa kurukia kutoka ndegeni na kukuta kitambaa cha hariri kimeuzwa, ndani kimebaki cheti cha hisa. Milo ananunua pamba yote ya Misri, na kwa kuwa hakuna anayeihitaji, anajaribu kuwalisha askari pamba iliyopakwa chokoleti. Hatimaye anapata soko kwa Wajerumani, ambao ndio adui. Sharti lao ni moja: kituo chake mwenyewe kipigwe mabomu. Milo anatia sahihi. Ndege zao wenyewe zinarudi usiku na kukibomoa kituo, naye anaongoza shughuli kutoka kwenye mnara kama msimamizi wa maghala. Katika sinema, Nately anafia humo. Milo anasikitika kidogo, kisha anaeleza kwamba marehemu alikufa tajiri kwa hisa zake.

Nimesikia watu wakisema kwamba hapo Heller alizidisha chumvi. Mimi sisemi kitu. Nimeishi katika nchi ambayo mahindi ya msaada yamewahi kuonekana madukani yakiuzwa.

Je, sinema hii ilifaulu? Ilitoka Juni 1970, na watu wengi waliingia wakitarajia kucheka tu, wakatoka wamekunja uso. Bahati mbaya nyingine ni kwamba mapema mwaka huo huo ilikuwa imetoka sinema ya M*A*S*H ya Robert Altman, juu ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni tatu na kuchukuliwa kutoka riwaya nyingine ya kejeli. Hiyo ilikuwa na vurugu, utani na damu kwa pamoja, ikapendwa, ikashinda tuzo kuu ya Cannes, na kuzaa mchezo wa runinga uliodumu kutoka 1972 hadi 1983. Catch-22 ikaonekana baridi na nzito kando yake. Nami nimezitazama zote mbili mara nyingi, na nina maoni yangu: M*A*S*H inakufanya utamani kuwa mmoja wa wale madaktari, na humo mna ucheshi mwingi wa kuwadhalilisha wanawake ambao leo hauchekeshi kabisa. Catch-22 haikufanyi utamani kuwa mtu yeyote aliyemo.

Yafaa kukumbuka pia hali ya Marekani wakati huo. Mei 4, 1970, wiki chache tu kabla sinema haijaonyeshwa, wanajeshi walikuwa wamewaua kwa risasi wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wakati wa maandamano ya kupinga vita kupelekwa Cambodia. Watu walikuwa wakiona majeneza katika habari za jioni. Sidhani walikuwa na hamu ya kwenda kulipa tiketi ili wamwone kanali mpumbavu akiongeza idadi ya safari.

Ina kasoro, sikatai. Kitabu kina kurasa nyingi na watu wengi, na sinema ya saa mbili haikuweza kuwabeba wote, kwa hivyo wengine huingia, hufanya kituko kimoja, hutoweka. Asiyesoma kitabu hupotea katikati kwa sababu mambo hayafuatani kwa tarehe: yote ni kumbukumbu za Yossarian akiwa amejeruhiwa. Mwaka wa 2019 hadithi hii ilitengenezwa tena kwa vipindi sita vya runinga, George Clooney akiwa mmoja wa waongozaji na pia mwigizaji, na humo mambo yamepangwa kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Ni rahisi kuielewa. Lakini mimi nairudia ile ya zamani, kwa kuwa mtu aliyepata mshtuko hakumbuki mambo kwa utaratibu.

Wazazi, nawatahadharisha. Hii si sinema ya kuwawekea watoto wadogo mkaenda sokoni. Mna watu uchi, mna danguro, mna damu. Karibu na mwisho, huko Roma, afisa mmoja mpole mwenye kiko mdomoni anamnajisi mtumishi wa nyumba na kumtupa dirishani. Yossarian anamkuta ametulia, anamwambia polisi wanakuja kumkamata. Polisi wa jeshi kweli wanafika, wanapanda ngazi kwa kishindo, wanampita muuaji na kumkamata Yossarian, kwa kuwa hakuwa na kibali cha kuwa mjini. Hakuna anayecheka hapo. Kwa maoni yangu kijana wa kidato cha tatu kwenda juu anaweza kutazama, ila mtazame naye. Kosa langu lilikuwa kumwachia wangu atazame peke yake kwenye simu.

Sasa nieleze kwa nini nilimsifia.

Mwaka wa 1993 nilikuwa mwanafunzi, nikiishi kwa ami yangu Eastlands, hapa Nairobi. Babu yetu alikuwa ametoka mashambani kuja kutibiwa macho. Babu alikuwa askari wa keya. Mwaka ule ule wa 1944, ambao Heller alikuwa akiruka juu ya Italia na Ufaransa, babu alikuwa dereva wa lori huko Burma, katika Bonde la Kabaw, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani katikati ya mvua za masika mpaka ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hayo niliyajua kwa kusoma vitabu. Yeye mwenyewe hakuwa akizungumza. Tulipokuwa watoto tukimuuliza kama aliua Mjapani, alikuwa akijibu kwamba aliua matope.

Jumamosi moja nilikodi kanda tatu za video mtaani, na mojawapo ilikuwa hii. Watu wote wakasinzia isipokuwa babu, aliyekuwa ameketi karibu kabisa na runinga kwa sababu ya macho yake. Kiingereza hakukijua, kwa hivyo nikawa mkalimani. Nilidhani atachoka. Lakini tulipofika kwa Daktari Daneeka na ule mtego wake, nikajitahidi kuutafsiri, polepole, kipande kwa kipande, na babu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikakimbia kumletea maji.

"Hiyo ni serikali kabisa," akasema. "Hata mimi walinifanyia."

Ndipo akaniambia kwamba aliporudi mwaka wa 1946 kulikuwa na fedha za kiinua mgongo alizoahidiwa. Ofisi fulani ikachukua kitabu chake cha kuachishwa jeshi ili imtayarishie malipo. Miezi ikapita. Alipokwenda kudai akaambiwa hakuna askari anayeweza kuhudumiwa bila kitabu chake. Akawaambia kitabu mnacho ninyi. Wakamwambia alete barua ya kuthibitisha kwamba wanacho. Barua hiyo hutolewa na nani? Hutolewa na ofisi hiyo hiyo, kwa askari mwenye kitabu. Alikwenda mara tano kwa miguu, kisha akanunua jembe.

Alicheka tena pale Daktari Daneeka alipokufa kwenye karatasi. Jina lake lilikuwa limeandikwa katika orodha ya watu waliokuwa ndani ya ndege iliyoanguka, na kwa hivyo amekufa, ingawa amesimama pale ufuoni akipiga kelele kwamba yuko hai. Babu akanigusa goti. "Mwambie asipoteze sauti," akasema. "Karatasi haina masikio." Milo naye alimfurahisha. Akasema walikuwa na Milo wao, mzungu wa stoo, aliyeuza blanketi za askari wakati askari wanalala kwenye maji.

Sasa, katika sinema hii kuna tukio moja linalorudi mara kwa mara, kila mara likionyeshwa kwa urefu zaidi kidogo. Yossarian anatambaa ndani ya ndege kwenda kumsaidia kijana mpiga bunduki anayeitwa Snowden. Mara ya kwanza huelewi. Mara ya pili unaona jeraha la paja, lile la Avignon, na Yossarian analifunga vizuri sana, anajivunia kazi yake, anambembeleza kijana kwamba yote yatakuwa sawa. Mara ya mwisho ndipo anapofungua fulana nzito ya kukinga vipande vya mabomu na kugundua kwamba alikuwa amefunga jeraha lisilo lenyewe. Sitaeleza zaidi. Baada ya hapo ndipo unapoelewa kwa nini alikataa kuvaa sare, na kwa nini alipewa nishani akiwa uchi. Ulikuwa umecheka jambo ambalo hukulijua.

Tulipofika hapo mara ya mwisho, babu aliuliza, "Huyo mtoto anasema nini? Midomo yake inasema neno moja tu."

Nikamwambia anasema anasikia baridi.

Babu akakaa kimya. Kisha akaniomba nisimamishe kanda. Nikasimamisha, picha ikabaki ikitetemeka kwenye runinga.

"Wote husema hivyo," akasema. "Burma kulikuwa na joto, jasho linaingia machoni. Nilibeba majeruhi kwenye lori, njia ni matope, siku mbili. Walisema baridi. Niliwafunika turubai ya lori, na koti langu. Mmoja alikuwa wa kijiji chetu."

Akamtaja jina. Nilikuwa nikilijua jina hilo, kwa sababu ni la ami yangu, yule mwenye nyumba, aliyekuwa amelala chumba cha pili. Sote tulidhani alipewa jina la jamaa fulani wa zamani.

Hatukuendelea na sinema usiku ule. Babu alienda kulala, na asubuhi akauliza habari za miadi yake ya hospitali kama kawaida. Hakuyarudia tena maneno hayo hadi alipofariki miaka mitano baadaye. Mimi mwisho wa sinema nikauona Jumatatu, peke yangu: Yossarian anasikia kwamba rafiki yake Orr, waliyedhani amezama, amepiga kasia kutoka Italia mpaka Sweden katika mtumbwi wa mpira. Anaruka dirishani, anakimbia kuelekea baharini, anatupa kimtumbwi chake cha manjano majini na kuanza kupiga kasia. Kamera inapanda juu, naye anazidi kuwa mdogo katika bahari kubwa, na muziki wa bendi ya jeshi unapigwa ufuoni.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana wangu mezani, kwa kifupi, kabla mama yake hajaleta matunda. Alinyamaza, akauliza kama babu-mkuu wake aliwahi kulipwa zile fedha. Nikamwambia la. Akaomba simu yake, akarudi chumbani, na baada ya muda nikasikia injini za ndege.

Kanda tuliirudisha Jumanne badala ya Jumatatu, na tukatozwa shilingi 20 za kuchelewa.